Usimwambie "tulia", mpe maji anawe uso

Kila Januari ofisi yangu hujaa. Ada za shule, kodi ya nyumba inayodaiwa kwa mkupuo, marejesho ya kikoba, na joto la Dar ambalo hata usiku wa manane feni inazungusha hewa ya moto tu. Watu wanaingia, wanakaa, wanalaza simu kifudifudi mezani, na wengi huanza na neno lile lile: "Kila mtu ananiambia nitulie, lakini siwezi."

Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, na hilo neno "tulia" nimelisikia mpaka nalihurumia. Tunalisema kwa mapenzi kabisa. Lakini mtu akishikwa na hofu, mwili wake umeshamwaga adrenalini kwenye damu: moyo unakwenda mbio, misuli imekaza, tumbo limeacha kusaga chakula. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita: mwili unajiweka tayari kupigana au kukimbia. Sasa huyu wa kwetu kapokea ujumbe wa deni akiwa kabanwa kwenye kiti cha daladala. Apigane na nani? Akimbilie wapi?

Moyo haupokei amri. Mkono ukiuambia ushike kikombe, unashika. Moyo ukiuambia upunguze mwendo, hausikii. Pumzi ndiyo inayosikia, na moyo huifuata. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya dole gumba. Ukivuta hewa, mapigo huongezeka kidogo. Ukiitoa taratibu, hupungua. Kwa hiyo refusha kule kutoa. Vuta ukihesabu sekunde 4, toa ukihesabu 6. Hapo unapumua mara 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Endelea hivyo dakika tano. Ukihisi kizunguzungu, acha, pumua kawaida.

Nilimweleza haya mama lishe mmoja (mambo yake kadhaa nimeyabadilisha asitambulike). Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mwenye shida ni mimi. "Mwanangu, saa kumi alfajiri niko macho, saa tatu usiku bado nasugua masufuria. Hizo dakika tano nizitoe wapi?"

Alikuwa na haki. Ushauri mwingi wa utulivu umeandikwa kwa mtu mwenye chumba chake peke yake na mlango wa kufunga. Basi tukaipitia siku yake, saa kwa saa, tukitafuta palipo na upenyo. Tukaupata kwenye daladala ya Mbagala. Tukakubaliana kwamba gari likifika kituo cha Uhasibu, simu inaingia ndani ya fundo la kanga, na mpaka Bendera Tatu ni pumzi tu. Hakuongeza kazi yoyote. Njia ile alikuwa akiipita kila siku.

Maji nayo yana kazi kubwa kuliko tunavyoyapa sifa. Maji ya baridi yakigusa paji la uso, macho na pua, mwili hushusha mapigo ya moyo, kama unavyofanya mtu anapozamisha uso majini. Ila yawe ya baridi kweli. Yale ya tangi la juu ya nyumba saa nane mchana ni ya kuchovya mkate. Chota ya mtungini. (Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari wake kwanza kabla ya kujaribu barafu.) Wateja wangu Waislamu huniambia kwamba udhu huwatuliza hata kabla hawajafika kwenye mswala. Udhu ni ibada, nami siupunguzi kuwa tiba, lakini sishangai.

Hili la maji nililijua kwa vitabu, kisha nikafundishwa upya. Mama yangu alilazwa kipindi cha masika. Nikakaa kwenye benchi la korido, mikono inatetemeka, na yote ninayowafundisha watu yamenitoka. Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu, nisiyemjua, hakuuliza kitu. Alimimina maji ya chupa kwenye pembe ya kanga yake, akanifuta paji la uso, mashavu, kisha shingo nyuma. Kanga ilinukia udi na moshi wa kuni. "Pole, mwanangu," basi. Pumzi ilirudi yenyewe.

Kahawa ya kijiweni simkatazi mtu, maana kinachotuliza pale ni baraza na wenzio. Lakini kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo anayekesha akigeuka kitandani, jioni aagize chai ya mchaichai, aendelee kukaa pale pale. Pombe na kubeti sivihesabu humu. Hukusahaulisha saa moja, kisha shida inarudi na wenzake.

Na kuna uzito ambao pumzi na maji haviubebi. Ukipita wiki mbili hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, nenda hospitali. Yakikujia mawazo ya kujidhuru, usisubiri hata kesho: mwambie aliye karibu, mwende pamoja leo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na wanaokwenda pale ni watu kama mimi na wewe.

Mama lishe alirudi baada ya mwezi. Deni lilikuwa lile lile. Lakini asubuhi moja aliposhuka Bendera Tatu alimpigia simu mwenyekiti wa kikoba, ambaye mtaa wake mama huyu alikuwa akikwepa hata kuupita kwa wiki tatu, akaomba marejesho yagawanywe mara mbili. Wakamkubalia.