Je, wajua kwa nini "hukaanga" haitaji nafsi?

Muuza vitumbua husema "mimi hukaanga alfajiri", na jirani yake akasema "yeye hukaanga alfajiri", bila kitenzi kubadilika hata herufi moja. Hili ni jambo la kushangaza katika lugha ambayo ninakaanga, unakaanga na anakaanga hazichanganyiki kamwe.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nafsi ilikuwapo hapo zamani, kisha ikadondoka kwa wepesi wa usemi, na niliwaeleza wengine hivyo kwa uhakika. Nilikosea. Wepesi wa usemi haufuti nafsi zote kwa pamoja: ninakaanga hufupishwa ikawa nakaanga, lakini msikilizaji bado anajua kwamba msemaji anajitaja mwenyewe, na anayetaka kumsema mwingine hana budi kurudi kwenye anakaanga. Aidha, methali, ambazo ni hodari wa kuhifadhi maumbo ya kale, hazionyeshi hata dalili ya nafsi hiyo: "Haba na haba hujaza kibaba", "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu".

Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba hu- hiyo ya mwanzo wa kitenzi, inayoonyesha desturi, ilitokana na maneno mawili yaliyoungana, yaani "ni" na "ku-" ya kitenzi-jina. "Watoto hula" ilikuwa kama kusema "watoto ni kula", kwa maana kwamba kula ndiyo desturi yao. Nayo "ni" haijali nafsi: mimi ni mvuvi, yeye ni mvuvi, wao ni wavuvi. Muungano huo haukuandikwa na mtu wakati ulipotokea, kwa hiyo umekisiwa kwa kulinganisha maumbo. Hata hivyo, ushahidi mmoja tunautamka kila siku. Vitenzi vifupi huhitaji "ku" ya kuviegemeza, ndiyo maana tunasema anakula, wamekula, tutakula. Penye hu- tunasema "hula", kwa sababu "ku" imo tayari, kama chumvi iliyokwisha kukandwa ndani ya unga. Ukiongeza nyingine unapata "hukula", na hapo umemwambia mwenzako kwamba jana hakugusa chakula.

Siku hizi mitaani Dar es Salaam utasikia zaidi "huwa anakaanga" au "anakaangaga", na katika maumbo yote mawili nafsi imo.