"Hakuna Aliyewahi Kuandika" Si Hoja ya Kushindia Tuzo

Safari hii ni kijana wa uzamili hapa Mbeya. "Shikamoo Dokta. Nimepata mada ya kupeleka kwenye tuzo za historia ya bahari, haijawahi kuandikwa na mtu yeyote." Marahaba, nikasubiri hoja. Haikuja. Kumbe hoja ilikuwa ndiyo hiyo hiyo.

Wimbo huu nimeusikia kwenye semina, kwenye utetezi wa tasnifu, hadi kwenye daladala la Uyole. Mtu anatafuta pengo la utafiti, analipata, anashangilia, anadhani kazi imekwisha. Jamani, hakuna aliyeandika kuhusu rangi za milango ya vyoo vya MV Songea, meli ya Ziwa Nyasa. Pengo lipo, tena wazi kabisa. Ukishaliziba, tutaelewa nini ambacho jana hatukukielewa? Kama jibu ni "rangi ya milango", basi hongera, umepaka rangi.

Nimalize haraka lile pingamizi la "bahari na watu wa milimani wapi na wapi". Jamii ya wanahistoria wa bahari ya Amerika Kaskazini, hao wanaotoa tuzo za vitabu za John Lyman, wanahesabu maziwa na njia za maji za bara kuwa sehemu ya uwanja wao. Australia kuna tuzo ya vitabu yenye jina la Frank Broeze, na Broeze mwenyewe, mwanahistoria wa bahari, ndiye aliyesisitiza kwamba historia hii haiishii kwenye meli na manahodha: imo rasilimali ya maji, usafirishaji, ubabe wa dola, sayansi, starehe, na hata yale watu wanayoyawaza wakitazama maji. Kwa kipimo hicho Kyela tumo, Matema tumo, Liuli tumo. Ubishi wa jina la ziwa, Nyasa au Malawi, na wa mpaka pelekeni kwingine.

Sasa turudi kwenye kinachonikera. Tuzo hizi husifu utafiti mpya, na watu wanauelewa upya huo kama wa kiwanja kisichojengwa. Sivyo. Unaweza kujenga upya kabisa pale ambapo watu mia wamejenga.

Chukua Liuli, tarehe 13 Agosti 1914. Wajerumani walipaita Sphinxhaven kwa sababu ya lile jiwe linalofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Waingereza wakaja na meli yao Gwendolen kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, chini ya nahodha Rhoades, wakaifyatulia mizinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, ambaye habari za vita hazijamfikia, akapanda kamtumbwi kwenda kumgombeza Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, akaishia mateka. Gazeti la The Times likatangaza ushindi wa majini.

Kisa hiki kimesimuliwa mpaka kimechakaa, na kila msimulizi anaongeza chupa. Hata hivyo, atakayekirudia vizuri nitampigia kura kabla ya huyo wa milango ya vyoo. Kwa nini? Kwa sababu karibu simulizi zote zinamwangalia Rhoades na Berndt, wazungu wawili na utani wao, kana kwamba Liuli ilikuwa tupu. Meli ile ilipandishwa kwa mikono ya nani? Boila lake lilikula kuni. Kuni hizo zilikatwa mlima gani, na waliokata walilipwa, au walikuwa wanafidia kodi ya nyumba iliyoanza 1898? Na meli ilipokatwa miguu, mizigo ya Wajerumani upande wa kaskazini ilibebwa na mabega ya nani? Waingereza wakabaki na ziwa peke yao, na Mei 1916 majeshi ya jenerali wao Northey yakavuka mpaka wa kusini na kuitwaa Neu Langenburg, yaani Tukuyu. Mwezi Agosti wakaingia Iringa. Anayejibu swali la kuni na mabega ananifanya niisome upya vita nzima ya nyanda hizi. Mada kongwe, swali halijaulizwa sawasawa, ushahidi umebanwa mpaka ukasema. Huo ndio upya.

Kuna ugonjwa wa pili, nao umewakumba wenzangu wenye vyeo. Ni wale wanaoamini kwamba karatasi isiyowahi kufunguliwa ndiyo ushahidi. Mtu anahangaika na majalada ya Kijerumani, Dar es Salaam au Berlin, anajifunza kusoma mwandiko ule wa zamani hadi macho yanauma, kisha anatuletea barua ya ofisa wa wilaya na kuinakili yote. Barua inasema watu wa ziwani ni wavivu. Naye anaandika: watu wa ziwani walikuwa wavivu. Bwana, ofisa huyo alikuwa anatafuta vibarua akawakosa! Uvivu huo pengine ni watu wenye mitumbwi yao na ratiba yao. Jalada jipya, akili ya 1905.

Ratiba ipi? Nendeni Lyulilo, jirani na Matema, siku ya gulio, Jumamosi. Vyungu vya Wakisi vinashushwa kutoka mitumbwini, vimepangwa vidogo ndani ya vikubwa, vimetandikiwa nyasi visigongane. Wanawake wa Ikombe na jirani zake wanafinyanga kwa sababu Milima ya Livingstone imewaachia ukanda mwembamba wa kulima, kwa hiyo tangu zamani chungu kimekwenda kutafuta nafaka. Hapo hakuna nahodha wala mzinga, lakini kuna shehena, kuna bandari, kuna soko, na kuna upepo ambao Malawi wanauita mwera, unaochafua ziwa kuanzia Mei hivi hadi Agosti. Ukipanga miezi ya upepo huo pembeni ya miezi ya mavuno ya Kyela na miezi ambayo ofisa analalamika juu ya vibarua, unaweza kupata kitu. Au usipate. Ndiyo maana unaitwa utafiti.

Hapa lazima niseme wazi penye shaka zangu. Bibi wa Ikombe akiniambia mama yake alisafiri na vyungu kwa siku fulani, kwa njia fulani, naandika tanbihi gani inayolingana uzito na barua yenye muhuri? Vitabu vya mbinu vinasema linganisha simulizi na nyaraka. Sawa, lakini nyaraka nyingi za wakati ule zimeandikwa na watu ambao mtumbwi wa vyungu hawakuuona hata ulipopita mbele yao. Nikishindwa kulinganisha, je, simulizi imeshindwa, au nyaraka ndizo zimeshindwa? Wanafunzi huwa nawajibu kwa sauti ya uhakika. Nikiwa peke yangu sina uhakika huo.

Shaka ya pili ni ya tuzo zenyewe. Kitabu kikiandikwa kwa Kiingereza na kuchapwa Ulaya, bei yake inatosha gunia la mchele wa Kyela na chenji inabaki. Nawasukuma vijana wakashindane, na kila mara najiuliza nawasukuma waandike kwa ajili ya nani. Kwa sasa ushauri wangu ni mara mbili: nakala ya jopo la tuzo ifuate masharti ya jopo, na sura moja iandikwe kwa Kiswahili, ipelekwe Lyulilo, isomwe kwa sauti mbele ya waliohojiwa. Wanapinga papo hapo, tena bila adabu za kitaaluma.