Homa imerudi, malaria hamna, mafua yalishaisha: maswali ya kina mama kuhusu MIS-C

Nesi, mwanangu homa siku ya nne sasa, malaria tumepima mara mbili hamna, mkojo nao safi, ni nini hiki?

Inaweza kuwa mengi mama, ila na mimi nikuulize, wiki tatu nne nyuma kuna mtu hapo nyumbani aliumwa mafua, kikohozi, au alikula chakula hasikii harufu? Maana sisi Dar mtoto akichemka tu ni malaria, kipimo kikikataa tunapita duka la dawa tunachukua mseto hivyo hivyo, ukiisha tunahamia dawa ya taifodi, siku zinakatika. Kuna ugonjwa unaitwa MIS-C, ni mwili wa mtoto kuwaka moto ndani, moyo, tumbo, ngozi, damu, vyote kwa pamoja, na unakuja wiki 2 mpaka 6 baada ya korona. Hautokei kwa wengi, lakini ukitokea hausubiri.

Si mlituambia korona haiwasumbui watoto?

Na ni kweli kwa walio wengi. Wengine hata hukujua kama wameipata, ndo maana hii inawashtua watu. Uingereza mwishoni mwa Aprili 2020 madaktari walianza kuona watoto waliokuwa wazima kabisa wanaingia ICU presha imeshuka, katikati ya Mei WHO ikatoa vigezo vya kuutambua. Kinachofanya kazi ile mbaya hapo ni kinga ya mtoto mwenyewe kuliko kirusi. Chukulia sungusungu walioitwa usiku kumkamata mwizi, mwizi kashatoroka zamani, wao bado wanavunja milango ya watu. Ndo maana kipimo cha korona cha puani kinaweza kusoma hamna, ila cha damu kinaonyesha aliwahi kuipata.

Nitaijuaje sasa, homa si zote zinafanana?

Angalia vinavyokuja pamoja na homa iliyofika siku 3. Tumbo linauma sana, anatapika, anaharisha, na kuna watoto tumbo liliuma mpaka wakadhaniwa ni kidole tumbo. Macho mekundu yote mawili lakini makavu, sio kama ule ugonjwa wa macho uliotusumbua Dar mwanzoni mwa 2024, ule mtoto anaamka kope zimegandana kwa tongotongo. Midomo inakauka na kupasuka, ulimi unakuwa mwekundu, viganja na nyayo zinavimba. Vipele kwenye ngozi yetu nyeusi vinajificha, kwahiyo mvue shati umpeleke dirishani kwenye mwanga, angalia tumbo na mgongo, pitisha na mkono.

Kuna mama alimleta wa darasa la tatu kwenye bajaji, kamfunika kanga mbili, tumbo la mtoto moto kama kikaango ila vidole vya miguu baridi. Nikambonyeza ukucha, weupe ukakaa nikahesabu mpaka 5 ndo damu ikarudi, kwa kawaida hata 3 hufiki. Hapo sikuuliza kadi wala nini, nilikimbilia dripu na kuita gari. Ukiona hivyo, au mtoto anapumua haraka, kifua kinamuuma, hajielewi, mkojo umekata, usingoje asubuhi.

Nilisikia ni ugonjwa wa Kawasaki, ndo huo huo?

Hapana, na wala sio pikipiki, hilo ni jina la daktari wa Japani, Tomisaku Kawasaki, aliyeuelezea mwaka 1967. Yanafanana, yote yanaweza kutanua mishipa inayolisha moyo. Ila Kawasaki hupata zaidi walio chini ya miaka 5, MIS-C wengi wako miaka 8, 9 na hata wa sekondari wamo.

Hospitali wanamfanya nini?

Damu kuona uvimbe wa ndani na kama moyo umeguswa, na eko, ile picha ya moyo. Dawa ni steroidi, zile za kutuliza kinga iliyopandwa na hasira, na penye uwezo wanaongeza imunoglobulini ya mshipani, yaani kinga zilizochujwa kutoka damu ya watu wengine, gramu 2 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 25 anahitaji gramu 50, na bei yake inatoa jasho. Afadhali steroidi ni rahisi na zipo. Wanaweza kumpa na aspirini kidogo, ila ile ni ya daktari, nyumbani aspirini usimpe mtoto kabisa. Wengi wanapona, waliofariki huko Marekani mwanzoni walikuwa kama 1 au 2 kwa kila 100.

Ataambukiza wadogo zake? Mpira je?

MIS-C yenyewe haiambukizi, walale tu wote. Mpira asubiri, mara nyingi miezi 3 mpaka 6, mpaka eko ya marudio isome vizuri, hata kama anakulilia kila jioni wenzake wakiwa uwanjani. Na kama alipewa imunoglobulini waambie kliniki, chanjo ya surua inasogezwa mbele karibu mwaka.

Ila korona si imeisha?

MIS-C imepungua sana tangu 2022, ila kirusi bado kinazunguka mitaani. Kwahiyo ukifika kwa daktari usiseme tu "ana homa", mwambie "homa siku ya nne, malaria hamna, tumbo linamuuma, na mwezi uliopita nyumba nzima tuliumwa mafua".