Kisima cha chumvi, barua ya paroko na paa la madrasa

Mimi ni fundi sanifu wa maji. Kazi yangu ni kuzunguka na mapadre na viongozi wa walei hapa Bagamoyo wanapopata fedha za mradi kutoka ng'ambo, tangu andiko la mradi mpaka bomba la mwisho. Wengi wanaoniandikia huuliza jinsi ya kupata mfadhili. Leo naomba nizungumzie yanayofuata fedha zikishaingia, maana huko ndiko nilikoona watu wakiumia, na mimi nimo miongoni mwa walioumiza.

Kijiji chenyewe kiko kusini mwa mji, pwani kabisa, cha wavuvi na akina mama wa mwani. Wakatoliki wa pale hawajazi mabenchi manne ya kigango. Waliobaki karibu wote ni Waislamu. Paroko aliandika kwa parokia rafiki iliyoko Ujerumani, waumini wa kule wakachanga, tukachimba kisima kirefu na kufunga pampu ya sola. Siku ya kufungua, maji yalitoka matamu. Shehe aliomba dua, paroko akabariki, kila mwenye ndoo akaondoka nayo imejaa.

Kiangazi cha pili maharage yakawa hayaivi na sabuni haitoi povu. Cha tatu chai ilikuwa hainyweki.

Ardhi yetu ya pwani ina tabia yake. Mvua ikinyesha, maji hupenya mchangani na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyomo ardhini, kwa kuwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko maji chumvi. Hesabu tunayotumia mafundi ni hii: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji baridi zilizo chini ya usawa huo. Ukivuta mpaka kina kishuke nusu mita, maji chumvi yaliyo chini yana nafasi ya kupanda kama mita 20 kabla hayajatulia. Ndoo na kamba haviwezi kufanya hivyo kwa urahisi. Pampu ya sola inaweza, kwa sababu huvuta kutwa nzima jua likiwapo, na jua huwa kali zaidi miezi ileile ambayo mvua hakuna ya kurudisha kilichovutwa. Tena kisima chetu kilikuwa kirefu, mdomo wake umeielekea chumvi. Na maji tuliyapima mwezi Juni, masika yametoka tu kwisha, ardhi imeshiba. Kisima cha pwani hupimwa mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli. Nilikuwa nalijua hilo. Ratiba ya fedha ilitubana, nami nikanyamaza.

Niliporudi kuchukua sampuli nilimkuta bibi mmoja amekaa kwenye kivuli cha mkorosho.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Mmekuja kuyaonja?”

Akanieleza kwamba visima vyao vya zamani vilikuwa vifupi, vinachotwa alfajiri, jua likipanda vinaachwa vipumzike. Marehemu mumewe alikuwa hamruhusu hata mkwe wake kuchota mchana. Nikamuuliza mbona hakutuambia siku ya mkutano.

“Siku ile mliniuliza jina,” alisema. “Nikaweka dole gumba, mkanipa soda. Jingine hamkuniuliza.”

Sina jibu nililompa.

Fedha za wokovu zimekuwa zikivuka bahari kuja Bagamoyo tangu 1868, Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapa. Sehemu ya fedha walizokombolea watoto watumwa ilitoka kwa Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambapo watoto wa kule walichanga sarafu zao kwa ajili ya watoto wa mbali. Wageni wanapokuja huomba kwanza waoneshwe mnara ambako mwili wa mvumbuzi David Livingstone ulilazwa mwaka 1874. Mimi huwapeleka kwanza makaburini. Wamisionari wengi waliolala pale walikuja vijana na hawakuzeeka. Upendo wao siwezi kuutilia shaka. Lakini waliokombolewa walipewa makazi, shamba na utaratibu wa siku uliopangwa na misheni, na kila ninaposoma habari zao natafuta mahali walipoulizwa wenyewe wanataka kuishi vipi. Ni vigumu kupaona. Dole gumba la bibi ni la ukoo huohuo.

Paroko wetu nilipompa majibu ya maabara hakutafuta wa kumlaumu. Alikwenda kijijini jioni tatu, mojawapo akiketi barazani pa msikiti, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Kisha akaandika Ujerumani kwamba kisima kimeingia chumvi, akaeleza sababu na kosa lilipo. Nimewahi kuona taarifa ambazo picha ya siku ya kwanza hutumwa tena mwaka wa tatu, kwa hofu kwamba mfadhili atakimbia. Wale hawakukimbia. Waliuliza maswali mengi, mengine magumu, kisha wakauliza kijiji chenyewe kinataka nini.

Kijiji kilitaka maji ya mvua. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hupokea lita 1,000. Toa kidogo kinachopotea, bado ni ndoo nyingi. Paa kubwa kuliko yote pale ni la madrasa. Paroko aliandika hivyo wazi kwenye andiko jipya: gata na simtanki zitafungwa kwanza madrasa, kigango kitafuata. Kanisani walikuwapo waliouliza kwa nini sadaka ya Wakristo ipande juu ya paa la madrasa. Aliwajibu kwamba maji yatanywewa na watoto, akaendelea na matangazo mengine.

Pampu tumeifungia saa ya kuizima. Inavuta muda mfupi alfajiri, kisha inapumzika mpaka kesho yake, kama marehemu mzee alivyotaka. Sampuli tunachukua kila mwezi na nakala huenda RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Chumvi imeanza kushuka, polepole sana. Maji bado ni ya kufulia na kuoshea vyombo, si ya kunywa. Gata za madrasa zimekwisha. Tunamalizia bomba la kumwaga maji ya kwanza yanayosomba vumbi na kinyesi cha popo, maana mawingu ya masika yameshaanza kukusanyika.