Kifua kikuu kinapoingia kwenye neva ya mguu

Watu wengi wakisikia kifua kikuu hufikiria kikohozi na makohozi. Lakini vimelea vyake husafiri kwa damu na kuweza kutua kwenye tezi, uti wa mgongo, figo na, mara chache mno, ndani ya neva, yaani mshipa wa fahamu. Kwa kuwa jambo hili ni adimu, mgonjwa mara nyingi hudhaniwa ana uvimbe wa kawaida wa neva, au ana ukoma.

Mfano mzuri ni neva inayopita upande wa nje wa goti, karibu kabisa na ngozi, ikizunguka mfupa mwembamba wa muundi. Ikishambuliwa, panaweza kuota kinundu kinachouma kikiguswa, na maumivu hushuka mpaka juu ya unyayo. Baadaye ganzi huingia hapo hapo, hadi kati ya kidole gumba na kidole kinachofuata. Mwisho unyayo hauinuki: vidole vinaburuzika, ndala inachomoka, na mgonjwa anainua goti juu kila hatua kama anayepanda ngazi.

Ukoma hauna budi kufikiriwa kwanza, maana vimelea vyake hupenda neva. Mtaalamu atakagua mwili mzima akitafuta mabaka yasiyo na hisia na neva nyingine zilizonenepa. Na kama mgonjwa tayari anameza dawa za kifua kikuu, aulizwe: ganzi ni mguu mmoja au yote miwili? Ganzi na kuwaka moto kwa nyayo zote mbili kwa kawaida huelekeza kwenye isoniazidi, dawa inayopunguza nguvu ya vitamini B6 mwilini. Hapo tiba ni kuongezewa vitamini hiyo, si upasuaji.

Picha ya MRI huonyesha uvimbe, ila haithibitishi kifua kikuu. Kinachohitajika ni kipande cha nyama, na hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi: kipande chote hutumbukizwa kwenye formalini, kemikali ya kuhifadhia nyama. Formalini huua vimelea, hivyo hakuna kitakachoota maabara. Kigawanywe: sehemu moja kwenye formalini kwa darubini, nyingine kwenye maji ya chumvi yasiyo na vijidudu kwa GeneXpert (kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya vimelea) na kuotesha vimelea maabara. GeneXpert hujibu ndani ya saa 2 hivi. Kuotesha kunaweza kuchukua hadi wiki 8. GeneXpert ikisema hakuna, bado usiufute ugonjwa, kwa sababu vimelea kwenye neva huwa vichache. Daktari wa upasuaji naye afungue ganda la neva na kukamua usaha, asiikate neva yote akidhani anaondoa saratani.

Dawa ni zile zile: miezi 2 ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha miezi 4 au zaidi ya rifampisini na isoniazidi. Kipimo cha VVU na picha ya kifua visisahaulike. Wiki za mwanzo uvimbe unaweza kuongezeka, kwa kuwa kinga ya mwili imeamka. Mgonjwa arudi kliniki, asiache dawa.

Neva huota takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kutoka gotini hadi vidoleni ni zaidi ya mwaka, na pengine nguvu isirudi yote. Wakati huo unyayo ushikiliwe na kifaa kinachouweka pembe mraba na muundi ili misuli ya nyuma isikaze. Kila jioni nyayo zikaguliwe kwa macho, na maji ya kuoga yapimwe kwa mkono, kwani mguu wenye ganzi hautamwambia mwenyewe kwamba umeungua.