Programu Iliyomo Kitabuni Ijaribiwe Kutoka Kwenye Mswada Wenyewe

Msomaji wa kitabu cha uprogramu hukaa nacho mbele ya kompyuta, akaandika alichokiona ukurasani na kutazama kama kitafanya kazi. Kosa la herufi moja katika riwaya humpita bila kumdhuru, lakini katika programu humkwamisha, na mwanafunzi anayejifunza peke yake hudhani kwamba aliyekosea ni yeye. Kwa sababu hiyo, sisi tunaohariri vitabu vya fani hii tunawasihi waandishi wazingatie jambo moja kuliko mengine yote: programu inayochapishwa iwe ileile iliyojaribiwa, pasiwe na mtu wa kuinakili upya kati ya jaribio na uchapaji.

Kanuni hii ni ya siku nyingi. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, walipochapisha kitabu chao cha lugha ya programu ya C mwaka 1978, walieleza katika dibaji kwamba mifano yote ilijaribiwa moja kwa moja kutoka kwenye matini ya kitabu.

Makosa mengi tunayokutana nayo huzaliwa njiani, wala hayatokani na uchache wa ujuzi. Mwandishi huiendesha programu yake ikakubali, kisha huinakili kwenye programu ya kuandikia nyaraka, ambayo hugeuza alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda. Mstari print("Habari") ukitoka na alama zilizopinda, msomaji atakayeunakili kutoka kwenye nakala ya kielektroniki atakataliwa na lugha ya programu ya Python. Vivyo hivyo vistari viwili vya amri kama --help huunganishwa vikawa kistari kimoja kirefu, na amri haitambuliki tena. Katika Python hatari ni kubwa zaidi, kwani nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoonyesha ni mistari ipi iliyo ndani ya kitanzi, yaani sehemu inayorudiwarudiwa. Mpangaji kurasa asiyeijua lugha hiyo akizisogeza ili ukurasa upendeze, programu inaweza kukataa kabisa au, vibaya zaidi, ikaendelea kufanya kazi huku ikitoa jibu lisilo sahihi.

Tunashauri kila mfano uhifadhiwe katika faili lake, na mswada ulivute faili hilo wakati wa kupanga kurasa, jambo ambalo mifumo ya kuandalia miswada kama LaTeX na AsciiDoc huliwezesha. Hapo mwandishi anaweza kuendesha mifano yote kwa amri moja kila lugha inapopata toleo jipya. Python 3 ilipotoka Desemba 2008, print, amri ya kuonyesha matokeo, iligeuka kuwa kitendakazi (function) kinachodai mabano, hivyo mifano ya vitabu vya awali ikaanza kukataa kuanzia sura ya kwanza. Toleo la lugha lililotumika litajwe waziwazi katika kurasa za mwanzo.

Kwa anayeandika kwa Kiswahili, maneno ya lugha ya programu kama while na return hubaki yalivyo, lakini majina ya vigeu, yaani majina ambayo mwandishi huzipa thamani za programu, na maelezo ya pembeni yaandikwe kwa Kiswahili: jumla, idadi_ya_wanafunzi, bei. Msomaji hutambua mara moja kipi ni cha lugha na kipi amekibuni mwandishi, na hilo ni nusu ya somo.

 

Hata hivyo, makosa machache yatapenya. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye hakuridhika na prufu za kitabu chake mwaka 1977 hata akatengeneza programu ya TeX ili apange kurasa zake mwenyewe, amejulikana kwa kumtunuku dola 2.56 msomaji wa kwanza kugundua kosa katika vitabu vyake. Si kila mchapishaji anaweza kulipa, lakini kila kitabu kinaweza kuwa na anwani ya kupokelea masahihisho, pamoja na orodha ya wazi inayotaja ukurasa, mstari na tarehe, ambayo mhariri ataifungua kabla ya kuruhusu chapa ya pili.