Si maji yaliyopungua, ni mate: tunayokosea kuhusu ugonjwa wa Sjögren

Fundi cherehani yeyote huilowesha ncha ya uzi kwa ulimi kabla ya kuiingiza kwenye tundu la sindano. Nimefanya hivyo tangu nina miaka 17, nikijifunza kazi kwenye baraza la shangazi yangu hapa Moshi. Siku moja niliweka uzi mdomoni ukatoka mkavu. Nikarudia. Mkavu vilevile, na ncha imetawanyika kama ufagio. Nikanywa maji, nikaendelea na kazi. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla sijalisikia jina la Sjögren, ambalo wengi wetu hulitamka "shogreni". Ni jina la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1933.

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia tezi za mate na za machozi. Kati ya wagonjwa kumi, takriban tisa ni wanawake, wengi wao wa umri wa makamo, ingawa hata vijana huupata. Katika miaka ile miwili nilipewa ushauri mwingi, tena kwa upendo, na sehemu kubwa haikuwa sahihi.

"Kunywa maji mengi, mdomo utalainika."

Hili nimelisikia kuliko yote. Maji hulowesha mdomo dakika chache, yakishashuka yameshashuka. Mate ni kitu kingine. Mtu mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na ndani yake mna utelezi wa kushusha chakula, madini ya kuimarisha meno na kinga dhidi ya fangasi. Glasi ya maji haina hayo yote. Tena ukibugia lita nzima jioni, utaamka usiku kucha kwenda kukojoa, na usingizi wenyewe ulikuwa haba.

Kinachonisaidia ni funda moja moja kutwa nzima, chupa ikiwa karibu na cherehani, na chakula chenye unyevu. Mtori umekuwa rafiki yangu mkubwa. Ugali naula na mlenda, na kiburu nakilainisha kwa maziwa mgando. Mkate mkavu siugusi bila chai, na pilipili nimeiaga kwa sababu inaunguza ulimi usio na mate. Ulimi ukianza kuwaka, au ukaona wekundu au utando mweupe, hiyo huenda ni fangasi, na ina dawa yake hospitali.

Angalia pia dawa unazomeza kwa sababu nyingine. Zile za mafua na mzio za aina ya klorofeniramini, na amitriptilini wanayopewa watu kwa maumivu au usingizi, hukausha mdomo. Usiziache kimyakimya, muulize aliyekuandikia.

"Nyonya pipi, mate yatakuja."

Hapa najuta. Pipi za limau zilileta mate kidogo kweli, nikawa nazinyonya kuanzia asubuhi hadi nafunga kazi. Ndani ya mwaka mmoja meno matatu yalitoboka pale chini jino linapokutana na fizi. Sukari na uchachu vilikaa mdomoni bila mate ya kuvisafisha. Kutafuna kunaamsha tezi ambazo bado zina uhai, hilo ni kweli, ila tafuna bigijii isiyo na sukari, na ikiwa na zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, ni bora zaidi.

"Dawa ya meno yenye floraidi ndiyo inayotuharibia meno."

Kwetu huku hofu hii ina sababu. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na baadhi ya Kilimanjaro hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana wengi waliokulia huko wana meno ya kahawia. Lakini rangi ile huingia utotoni, jino likiwa bado linajengeka ndani ya fizi. Mswaki wa mtu mzima hauwezi kuileta. Na meno ya kahawia nayo huoza, tusidanganyane. Asiye na mate anaihitaji floraidi ya kwenye dawa ya meno kuliko mtu mwingine yeyote. Napiga mswaki mara mbili kwa siku, natema povu, sisukutui, ili ibaki juu ya meno usiku.

"Huo ni uvivu."

Uchovu huu haufanani na wa mtu aliyelima kutwa, maana unaamka nao. Kuna asubuhi nimekaa kitandani kiatu kimoja kiko mguuni, kingine mkononi, nikitafuta nguvu ya kuinama. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, sisi tulishuka na ndizi kichwani mpaka sokoni, tukapanda mlima tena." Sikumjibu, kwa sababu alisema kweli juu yake mwenyewe. Mimi mwili wangu uko vitani kila siku, viungo vinauma, na usiku kiu inaniamsha.

Hata hivyo, usibebeshe ugonjwa huu kila uchovu. Omba upimwe wingi wa damu na tezi ya shingo (thairoidi), ambayo mara nyingi huugua pamoja na Sjögren. Na kama moyo umekata tamaa kabisa, sema. Sonona inatibika.

Upande wa pili wapo wanaosema ulale tu. Nililala wiki nzima, nikaamka dhaifu zaidi. Mazoezi mepesi ya mara kwa mara hupunguza uchovu huu, basi nilianza kwa kutembea dakika kumi hadi mwisho wa mtaa, sasa natembea nusu saa kabla jua halijawa kali. Kitambaa nakata asubuhi akili ikiwa nzima, mchana nashona pindo. Napumzika kabla sijachoka, jambo lililonichukua muda kulikubali. Sare za kwaya nazipokea mwezi mmoja kabla, na mteja wa "nataka kesho" namwelekeza kwa fundi mwingine.

"Mbona unameza dawa ya malaria kila siku?"

Dawa ninayomeza ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania Bara iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Kwangu inatuliza viungo. Uchovu haiuondoi sana, na anayeimeza kwa miaka anapaswa kupimwa macho kwa ratiba atakayopewa.

Kurogwa? Hapana. Kuambukiza kwa kikombe au busu? Hapana. Virusi vya UKIMWI vinaweza kukausha mdomo na kuvimbisha mashavu vilevile, kwa hiyo kupima ni busara, lakini majibu safi hayamaanishi huumwi kitu. Mjamzito mwenye Sjögren awaambie wahudumu wa kliniki mapema, kwa kuwa baadhi ya kingamwili zake zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo ya mtoto tumboni. Hutokea kwa wachache, ila hufuatiliwa. Na uvimbe wa shavu au shingo usioshuka, homa zisizoeleweka au kupungua uzito, usivichukulie kawaida. Wagonjwa wachache hupata saratani ya mitoki.

Ukienda hospitali usiseme "nina kiu" peke yake, maana utapimwa sukari, ikiwa sawa utarudi nyumbani. Sema mdomo umekauka kila siku kwa zaidi ya miezi mitatu, kwamba chakula kikavu hakishuki bila maji, kwamba macho yanakwaruza kama yana mchanga. Daktari wa macho anaweza kukuwekea kikaratasi chini ya kope kwa dakika 5. Unyevu usipovuka milimita 5, machozi ni machache mno. Kuna kipimo cha damu, na wakati mwingine huchukuliwa kijinyama kidogo ndani ya mdomo wa chini. Na kama wewe ni fundi, mweleze na habari ya uzi.